Nodi kwenye Nuke: nakala ya kawaida au kloni?

Tuseme umesahihisha rangi kwa nodi ya Grade kwenye Nuke, programu ya kuunganisha picha za filamu ambamo kila nodi ni kisanduku cha hatua moja ya kazi, na sasa unataka marekebisho hayohayo sehemu nyingine ya skripti, yaani faili la mradi wako. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni Ctrl+C kisha Ctrl+V. Nodi mpya inazaliwa na thamani zilezile, lakini tangu hapo kila moja inajitegemea: ukibadilisha gamma (mwangaza wa rangi za kati) ya hii, ile haitikisiki. Na kuna jambo ninalolipenda sana hapa. Kinachonakiliwa ni maandishi matupu! Yabandike kwenye programu yoyote ya kuandikia na utayasoma: aina ya nodi, jina lake, thamani ulizobadilisha. Ndiyo maana unaweza kumtumia mwenzako mti mzima wa nodi kwa barua pepe. Akiyanakili na kuyabandika kwenye Nuke yake, mti unasimama kama ulivyokuwa. Kilichobaki ni kurekebisha anwani za mafaili kwenye nodi za Read, zile zinazoingiza picha.

Ya pili ni kloni, Alt+K. Nodi zinatumia thamani za pamoja. Ukigusa moja, zote zinafuata. Mstari wa rangi ya chungwa huonyesha undugu wao. Hatari yake ni usahaulifu: unarekebisha kona moja ya picha, kumbe umeharibu nyingine. Alt+Shift+K hukata undugu huo.

Mimi huanza na nakala ya kawaida. Kloni naitumia pale tu nodi zinapolazimika kufanana hadi kazi iishe, na pembeni naweka StickyNote yenye maelezo.