Kutoa figo ungali hai: ulinzi wa Uingereza na wa Marekani

Kuuza kiungo ni kosa kote kuwili. Marekani hutoza hadi dola 50,000, kifungo cha hadi miaka 5, au vyote viwili. Kwenye ridhaa, Uingereza iko mbele: mkaguzi huru humhoji mtoaji peke yake, mpokeaji peke yake, kisha wote pamoja, na mamlaka ya nje ya hospitali ndiyo huidhinisha. Marekani, kila kituo huweka mtetezi wa mtoaji, mara nyingi mwajiriwa wa hospitali ileile.

Likizo ya mtoaji chini ya sheria ya shirikisho Marekani ni hadi wiki 12 bila mshahara, na mwajiri binafsi mwenye wafanyakazi chini ya 50 habanwi. Wengi hukwama hapo. Uingereza hurudisha kipato kilichopotea. Omba kabla ya upasuaji, ukiambatisha hati za mshahara.