Redfall ukiicheza peke yako, kimya kimya: uzoefu wangu

Nilikuwa nimechutama nyuma ya gari bovu, kidole kiko juu ya kitufe na sikibonyezi. Mbele yangu, kwenye baraza ya nyumba ya mbao, vampaya alikuwa anaelea. Nyayo zake zimeachana na sakafu kama shubiri mbili hivi, kichwa amekilaza upande kama mtu anayetega sikio kusikia redio ya jirani. Hakuwa ameniona. Mdogo wangu, aliyeketi kitandani nyuma yangu, akaninong'oneza, "Dada, mpige basi." Sikumpiga. Nilingoja ageuke, nikavuka ua hatua kwa hatua, nikamwachia bunduki ya marisau nikiwa karibu kabisa, na alipoyumba nikamchoma kigingi cha moyo. Akageuka majivu. Mdogo wangu akashusha pumzi kwa sauti, na mimi pia.

Tangu usiku ule ndivyo ninavyoicheza Redfall: peke yangu, usiku, hedifoni masikioni, nikinyata. Najua wengi waliicheza wanne wanne kwa kelele na bunduki kubwa, wakaichoka mapema. Mimi naamini ndani yake kuna gemu nyingine kabisa, ya kutisha na ya kuvizia, na atakayeipata ni mwenye subira.

Kwa asiyeijua: Redfall ilitoka tarehe 2 Mei 2023 kwa kompyuta za Windows na kwa Xbox Series X na S. Imetengenezwa na Arkane Austin, studio ya Texas iliyotuletea pia Prey ya mwaka 2017, na imetolewa na Bethesda. Hadithi inatokea kwenye kisiwa cha kubuni katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Kampuni ya dawa iitwayo Aevum ilianza kuchezea damu za watu, mwisho wake matajiri na madaktari wakajigeuza wanyonya damu, na wenye nguvu zaidi miongoni mwao wakajiita miungu. Jua wamelifunika. Bahari wameirudisha nyuma ili mtu asitoroke.

Hapo kwenye bahari lazima niseme kitu. Gemu inaanzia ndani ya feri iliyokwama. Unatoka nje unakuta maji yamesimama wima pande zote, ukuta mrefu wa mawimbi yasiyoanguka, na chini ni tope tupu. Mimi nimekulia Tanga. Nimezoea maji kupwa na kujaa, nimeokota chaza kwenye tope hilo hilo, na najua saa ya kuondoka kabla maji hayajarudi. Kuiona bahari iliyopwa na ikakataa kujaa kulinishtua kuliko vampaya wa kwanza niliyekutana naye. Nilisimama pale muda mrefu nikiangalia juu, nikiogopa maji yataniangukia.

Nimechelewa kuicheza, na sababu ni intaneti. Ilipotoka, gemu hii ilidai mtandao muda wote hata ukiwa peke yako, na hukuweza kuisimamisha katikati ya mchezo. Kwa mtu anayeishi kwa bando na umeme wa kubahatisha, hiyo haichezeki. Tarehe 7 Mei 2024 Microsoft, wanaoimiliki Bethesda, wakatangaza kuifunga studio ya Arkane Austin, nikadhani ndiyo basi tena. Lakini wale watengenezaji, wakiwa wanajua kazi yao imeisha, walimaliza sasisho moja la mwisho na kulitoa tarehe 30 Mei 2024. Sasisho hilo ndilo lililoruhusu kucheza bila mtandao, na kusimamisha gemu ukiwa peke yako. Nawashukuru kwa dhati watu wale, maana wangeweza kufunga mizigo yao wakaondoka.

Nilibeba kompyuta yangu hadi kwa binamu yangu mwenye intaneti ya waya, nikaipakua huko usiku kucha, kwa sababu inahitaji nafasi ya takriban GB 100. Kompyuta yenyewe isipungue GB 16 za kumbukumbu na iwe na kadi ya michoro ya maana. Ya kwangu ni ya zamani kidogo, nimeshusha vivuli na ubora wa ukungu, inakwenda vizuri. Tangu nilipoirudisha nyumbani haijanila hata MB moja ya bando.

Kuna wahusika wanne wa kuchagua. Mdogo wangu anampenda Layla, msichana mwenye nguvu za akili. Wapo pia Dev, mtafiti wa viumbe wa ajabu, na Remi, mhandisi anayetembea na roboti yake. Kwa kunyata, chukua Jacob Boyer bila kujiuliza. Alikuwa mdunguaji katika kikosi cha askari wa kukodiwa, kisha yakamfika makubwa: sasa jicho lake moja ni la vampaya, na nyuma yake anafuata kunguru wa kimzuka. Kunguru huyo unamtuma mbele, anaruka juu ya nyumba na kukuwekea alama kila adui anayempita, hata aliye nyuma ya ukuta. Uwezo wake wa pili ni kutoweka machoni kwa sekunde chache. Wa tatu ni kuita bunduki ya kimzuka inayolenga vichwa yenyewe, lakini huo mimi nauacha kwa siku ya shida.

Utaratibu wangu ni huu. Napanda mahali pa juu, paa au ghorofa ya pili, kisha namtuma kunguru. Nahesabu alama. Halafu nashuka na kutafuta mlango wa nyuma, kwa sababu karibu kila nyumba ina njia zaidi ya moja: dirisha, ngazi ya nje, tundu la dari, au mlango uliofungwa unaohitaji kifaa cha kufungulia kufuli. Vifaa hivyo nunua kila ukiwa na pesa, usipite bila kuwa navyo. Sasisho la Oktoba 2023 liliongeza pia uwezo wa kummaliza adui kimyakimya ukimfikia kabla hajakutambua, na bila hilo nisingekuwa naandika haya. Nashangaa gemu ya watengenezaji hawa ilitoka bila kitu hicho siku ya kwanza.

Wanyonya damu wenyewe wametengenezwa kwa akili. Risasi hazimuui vampaya. Unampiga mpaka anaishiwa nguvu na kuganda, na hapo una muda mfupi wa kumfikia na kumchoma kigingi cha moyo. Ukichelewa anajiponya na kuanza upya, na safari hii amekasirika. Wakisogea hawatembei, wanatoweka kama moshi na kutokea kando yako. Yupo anayekuvuta kwa mbali kama samaki kwenye ndoana. Yupo anayekufyonza damu akiwa hatua kadhaa mbele yako. Yupo anayetandaza giza mpaka huoni mkono wako mwenyewe, na huyo ndiye ninayemwogopa kuliko wote, kwa sababu kunguru wangu hanisaidii kitu nikiwa simwoni adui aliye mbele ya pua yangu.

Silaha niliyoipenda ni taa ya miale ya urujuanimno (UV). Ukimmulika vampaya nayo bila kumwachia, anageuka jiwe pale pale, mikono imenyooshwa, mdomo wazi. Kisha pigo moja tu, anavunjika vipande. Taa haina mlio wa bunduki, kwa hiyo wenzake wa chumba cha pili hawashtuki. Nimewahi kusafisha nyumba nzima kwa taa na kigingi peke yake, ikanichukua karibu saa nzima, na mikono ilikuwa imeloa jasho.

Halafu kuna viota. Humo ndimo gemu inapokuwa ya kutisha kweli. Kiota unakiingia kwa mlango wa kawaida wa nyumba, lakini ndani dunia imepinduka: vipande vya nyumba vinaelea hewani, ngazi hazifiki popote, taa nyekundu, na sauti za watu wanaolia usijue wako upande gani. Mwisho wake kuna moyo mkubwa unaodunda. Kadiri unavyoukaribia ndivyo mdundo unavyojaa masikioni. Ukiuharibu, kiota kizima kinaanza kubomoka na una muda mchache wa kukimbia kwenye mlango wa kutokea, huku pembeni umeachiwa mali za kuokota zinazokushawishi uchelewe. Usichelewe. Nilipoteza bunduki nzuri kwa ajili ya kuzirudia dawa mbili.

Viota vina sababu pia nje: kikiwa hai, vampaya wa mtaa ule wanakuwa wagumu zaidi. Kwa hiyo mimi hukimaliza kiota kwanza, ndipo nafanya misheni za mtaa.

Bibi yangu alikuja kututembelea nikiwa katikati ya haya. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akavuta kiti akakaa kutazama.

"Mjukuu wangu, hawa ni nini?"

"Wanyonya damu, bibi. Nawawinda."

"Mumiani?"

"Ndiyo, kama mumiani wa kizungu."

Akatazama kidogo. Akaniuliza usiku ukiingia najificha wapi. Nikamwonyesha makao yetu kwenye gemu, mahali pa kwanza unapopakomboa, wanapokusanyika manusura wote: kituo cha zimamoto cha mji wa Redfall, na gari jekundu limeegeshwa ndani. Bibi akashika kifua. "Zimamoto? Mwanangu, zimamoto ndio walikuwa mumiani wenyewe!"

Kisha akatusimulia mpaka saa nne usiku. Enzi za ukoloni, akiwa mtoto, walikatazwa kutoka jua likizama kwa sababu gari jekundu la zimamoto lilikuwa linapita kukamata watu na kuwatoa damu. Hakuna aliyeuliza damu inakwenda wapi. Wengine walisema inatengenezwa dawa ya Wazungu. Watu waliamini hivyo pwani yetu, na Nairobi, na Kampala. Mdogo wangu alikuwa hajawahi kuyasikia. Mimi niliyasikia utotoni nikadhani ni maneno ya kutulaza mapema. Sasa nikamsikiliza bibi huku Aevum iko kwenye skrini: kampuni ya dawa, watu wenye mamlaka, damu ya maskini. Nilihisi baridi mgongoni. Waliotunga Redfall huenda hawakuwahi kulisikia neno mumiani, ila hofu waliyoichora bibi yangu aliitambua bila kutafsiriwa.

Nirudi kwenye gemu. Miungu wa vampaya wanafuatilia unayoyafanya. Kila misheni unayokamilisha na kila vampaya unayemuua kunawaongezea hasira, na hasira ikijaa, radi nyekundu zinaanza kupiga na anateremka vampaya mmoja mkali anayeitwa Rook. Mara mbili aliniua kabla sijajua kinachotokea. Mara ya tatu nilikuwa nimeweka akiba ya kutosha ya vigingi vya kurusha, nikapigana naye nikizunguka ndani ya nyumba, chumba hadi chumba, mpaka akaanguka. Hiki ndicho kilinifundisha kuwaacha vampaya wengine wapite. Si kila anayeelea barabarani lazima afe.

Yasiyonipendeza yapo. Binadamu wa kawaida, yaani wafuasi wa vampaya na wale askari wa kukodiwa, ni wazito wa kusikia mno. Unaweza kummaliza mmoja na mwenzake aliye karibu akaendelea kutazama ukuta. Ukitaka changamoto ya kunyata, ipandishe gemu ugumu tangu mwanzo. Hadithi inasimuliwa kwa picha zisizotembea na sauti juu yake, na sehemu zenye uzito zinapita kabla hujazihisi. Bunduki za kuokota ni nyingi kupita kiasi, kila dakika unalinganisha namba badala ya kusikiliza nyayo. Mimi nimeamua kubaki na tatu tu na kuzibadilisha pale mhusika wangu anapopanda viwango kadhaa.

Lakini kuna ile nyumba kubwa ya daktari Addison, na humo hadithi imekaa inavyostahili. Huyu ndiye aliyegeuka mungu wa kwanza unayepambana naye, Hollow Man. Unatembea vyumbani mwake ukitafuta midoli ya kuirudisha kwenye nyumba ndogo ya midoli ya bintiye, na jinsi unavyoirudisha ndivyo unavyoelewa baba alimfanya nini mtoto wake. Hakuna anayekurukia kwa muda mrefu. Nilicheza sehemu ile taa ya chumbani ikiwa inawaka, na sioni aibu kusema hivyo.

Kwa wazazi: damu ni nyingi na mambo ya humo si ya watoto. Mdogo wangu ana miaka kumi na tisa, na bado nyumba ya Addison aliomba tuimalize mchana.

Sasa nimevuka kwenda ramani ya pili, Burial Point, penye mashamba na ukungu mzito zaidi. Ni pagumu kunyata kwa sababu nyumba zimeachana mbali na pa kujificha ni pachache. Kunguru ndiye macho yangu. Nimebakiza fuvu moja la mkubwa wa vampaya kabla ya kumfikia mungu wa pili. Bibi akipiga simu, baada ya salamu huuliza kwanza kama tumeshahama kile kituo cha zimamoto. Nimemwambia tumehama, tuko pwani, akasema hapo sasa atalala.