Kifaa cha Kuwasha Gari Bila Kusukuma: Nimekijaribu Hapa Ngamiani

Assalaam aleykum watu wangu, karibuni tena. Leo niko nje ya nyumba, hapa Ngamiani, Tanga, boneti liko wazi na mkononi nina hiki kifaa. Ndani yake kuna betri ndogo ya lithiamu, kinaingia mfuko wa suruali, kazi yake kuwasha gari lililoishiwa betri. Habari za tochi na tundu la kuchajia simu siziongelei, zote ziko kwenye boksi.

Nataka muone hivi vibanio. Usiondoke, utamu uko hapa. Jana niliacha taa za mbele zinawaka usiku kucha, makusudi. Mita inasoma volti 11.3, betri iliyoshiba ingesoma kama 12.6. Nageuza ufunguo... mmesikia? Tak, tak, tak, basi. Stata, ile mota ya kuzungusha injini, haina nguvu. Sasa nakosea kusudi: chekundu naweka hasi, cheusi chanya. Sogeza kamera, sogeza! Taa nyekundu, kinalia, na hakuna cheche hata moja! Kwa nyaya za kawaida za kubusti ningekuwa nimeshaunguza fyuzi, pengine na oltaneta inayochaji betri. Navigeuza vibanio. Chekundu chanya, cheusi kwenye chuma cha injini. Taa ya kijani. Ufunguo... Limewaka! Subirini, nalizima nirudie, wasije wakasema nimekata video. Haya... hilo tena!

Jamani, mimi nimekulia kwenye kusukuma. Baba alikuwa na pikapu ya kubebea machungwa kutoka Muheza, na betri yake ilikuwa ya kuombewa dua. Wenzetu wa Lushoto wanaegesha gari likitazama bondeni, asubuhi wanaliachia tu lishuke. Tanga mjini ni tambarare, mteremko wetu ulikuwa watoto wa mtaa. Alfajiri, bati la nyuma limelowa umande, viganja vinapata baridi. Baba ndani kafungua swichi, katia gia ya pili, kakanyaga klachi. Sisi tunasukuma, mchanga unavua ndala. Gari likishika kasi anaachia klachi ghafla, magurudumu yanaizungusha injini, gari linashtuka kama punda aliyechapwa, moshi wote usoni kwetu. Na hasimami! Akisimama likazima, tunaanza upya. Tunalikimbiza, tunadandia likiwa linakwenda. Mchana ukilitazama lile bati, viganja vyetu vyote vimejichora kwenye vumbi, vya kaka zangu vikubwa, changu chini kabisa karibu na namba ya gari.

Sasa magari mengi mjini, IST, Vitz, Passo, ni otomatiki. Hayo sukuma mpaka Pongwe, hayawaki. Pampu ya giaboksi, inayosukuma mafuta ya kushikisha gia, inaendeshwa na injini yenyewe. Injini ikilala, magurudumu hayana njia ya kuiamsha. Wiki iliyopita kule Raskazone nimewakuta vijana wanne wanasukuma la otomatiki, jasho linawatiririka, iliniuma kweli. Nikakitoa hiki, dakika mbili wakaondoka.

Ila kuna kitu kimeniudhi. Betri ikifa kabisa, kifaa hakiioni, inabidi ubonyeze kitufe hiki kwa sekunde kadhaa. Ukishakibonyeza, ule ulinzi niliousifia, wa kukataa nyaya zilizogeuzwa, unazimwa! Hapo ukikosea nyaya, umeunguza. Na onyo lenyewe wameliweka ukurasa wa mwisho, herufi kama sisimizi. Jambo la hatari namna hiyo lilitakiwa kuandikwa juu ya kitufe.

Bei, shilingi 110,000. Nyaya za kubusti zangu nilinunua 25,000, lakini nyaya zinataka gari la pili, na saa nane usiku njia ya Pangani gari la pili unalitoa wapi? Nilipokuwa nalipa niliona ghali. Leo sioni hivyo. Ila usikiache ndani ya gari juani, betri ya lithiamu haipendi joto, na joto letu la Februari mnalijua.

Tangazo dogo: video sasa zitatoka Ijumaa jioni badala ya Jumatano, mpigapicha wangu ana mitihani, muombeeni.

Gari silizimi tena. Mita inasoma 14.1, oltaneta inachaji. Natoa vibanio, nalipeleka Muheza na kurudi ili betri ijae. Andikeni hapo chini mlisukuma gari gani, na mtaa upi.