Nilivyohamisha Picha za Studio kwa Clonezilla

Mwaka 2021 nilimkabidhi fundi diski ya GB 500 yenye picha za harusi za miaka minne, pamoja na diski mpya ya ukubwa uleule, ili anakili ya kwanza kwenye ya pili. Jioni akanipigia: "Pole sana mama, zote mbili ziko tupu." Alikuwa amegeuza mwelekeo, akanakili diski tupu juu ya ile yenye picha. Kunakili diski nzima hakupangi mafaili kando ya yale yaliyopo, bali hufuta kila kitu kwenye diski inayopokea, na kilichoandikiwa juu hakirudishwi na programu yoyote. Mwaka uliofuata maharusi wawili walikuja studio kuomba nakala za picha zao, nami sikuwa na cha kuwapa.

Ndiyo maana mwaka huu, nilipotaka kuhamia SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka) ya TB 1, nilifanya kazi hiyo mwenyewe kwa Clonezilla, programu ya bure iliyotengenezwa Taiwan, ambayo huwashwa kutoka kwenye flashi bila kuingia Windows. Kwanza nilihifadhi picha zote kwenye diski ya tatu ya nje, nikafungua kadhaa kutoka kila folda kuhakikisha kwamba zinaonekana. Kisha nilizima Windows huku nimebonyeza kitufe cha Shift, kwa sababu ikizimwa kwa kawaida mara nyingi huiacha diski katika hali ya nusu usingizi, na Clonezilla inaweza kukataa kuisoma.

Sehemu iliyonipa utulivu ni ile ya kuchagua diski. Programu huuliza kwanza diski ya kutoka, halafu ya kwenda, na majina inayozipa diski, kama sda na sdb, si ya kuyaamini peke yake, kwani yanaweza kubadilishana kompyuta ikiwashwa upya. Lakini pembeni ya kila jina huonyesha ukubwa, modeli na namba ya pekee ya diski (serial number). Nilikuwa nimenakili kwa kalamu namba zilizo kwenye lebo za diski zote mbili, nikazilinganisha herufi kwa herufi kabla ya kubonyeza. Baada ya hapo huuliza mara mbili kama una uhakika, na mara zote mbili nilirudi kwenye karatasi yangu. Diski ya zamani husomwa tu. Hata umeme ukikatika katikati, picha zake hubaki, ingawa diski mpya italazimika kuanza upya.

Upungufu upo. Hakuna kipanya wala Kiswahili, ni maandishi ya Kiingereza au lugha nyingine chache za kigeni, na kibodi tu. Pia kwa mpangilio wa kawaida haikubali diski ndogo kuliko ya awali: SSD ya GB 480 haipokei diski ya GB 500, hata kama mafaili ni GB 100. Na kama diski yako imeanza kugonga au kukwama, nakushauri utumie ddrescue, programu ya kuokoa data, badala yake, kwani huchukua kwanza sehemu zilizo salama na kurudia zilizoharibika mwishoni.

Kazi ilipokwisha nilichomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha Windows, kwa kuwa nakala na asili hubeba utambulisho mmoja na mfumo unaweza kuizima mojawapo. Hiyo ya zamani sijaifuta. Imo kwenye droo, imeandikwa tarehe.