Makumbusho siyo stendi, Boma siyo Ilala: tulivyotembea kwa miguu Jumamosi

Kwanza tuelewane majina. Ukimwambia dereva wa bajaji hapa Dar es Salaam "nipeleke Makumbusho," atakupeleka stendi ya daladala kule Kijitonyama, jirani na Kijiji cha Makumbusho. Ukimwambia "Boma," atakuuliza, "Ilala Boma?" Hana kosa. Mimi nimeishi mji huu miaka kumi na minne, napanda mabasi ya mwendokasi karibu kila siku, na hadi mwezi uliopita hata kwangu Makumbusho ilikuwa stendi na Boma ilikuwa Ilala.

Aliyenitoa ushamba ni shangazi yangu, aliyekuja kutoka Pangani kutibiwa macho. Alipomaliza kliniki nikataka kumpeleka kwenye maduka makubwa ashangae shangae kabla ya kurudi. Akakataa. "Madukani nitaona nini, baba, na macho yenyewe haya? Nipeleke ile nyumba wanakoweka vitu vya Mwalimu." Ndiyo tukapanga Jumamosi: Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, halafu kwa miguu hadi Boma la Kale, Sokoine Drive, upande wa pili wa zinakopandiwa boti za Zanzibar. Kwa njia tuliyopita sisi ni kama kilomita moja na nusu. Mwenye haraka zake anamaliza kwa dakika ishirini. Sisi, ukijumlisha na kukaa ndani ya nyumba zote mbili, tulitoka saa nne asubuhi tukamaliza saa tisa kasoro.

Tulishuka mwendokasi kituo cha mwisho, Kivukoni, tukapanda kidogo kuelekea chuo cha IFM. Ndani ya Makumbusho sitakaa sana, maana sehemu hiyo wengi mmeifika na shule. Kama hukufika: nyumba ilifunguliwa 1940, ikiwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na mpaka leo humo ndimo inakosimuliwa habari ya fuvu la Zinjanthropus. Olduvai, 1959, Mary Leakey, miaka milioni 1.75. Vilinitoka mdomoni kama nipo kidato cha kwanza nasubiri fimbo. Shangazi alilipita fuvu kama anampita mtu asiye na undugu naye.

Kilichomsimamisha ni magari. Kwenye Rolls Royce alizunguka mara mbili, akaniinamia sikioni: "Na huyu si ndiye aliyetuambia tujifunge mkanda?" Nikamweleza kwamba lilikuwa gari la serikali ya Waingereza kabla halijawa la Mwalimu. Akatafakari. "Basi la urithi. Urithi hauna lawama." Mwanafunzi mmoja aliyekuwa karibu alicheka hadi akaambiwa apunguze sauti. Kwenye kumbukumbu ya waliokufa ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998 hatukuongea chochote. Yeye alisimama na kanga mdomoni, tukaondoka.

Sasa mwendo wenyewe. Njia ya mkato ni kushuka Sokoine Drive na kunyoosha, lakini nakushauri upite barabara ya Samora. Ni ndefu kidogo ila ina kivuli, na ukitoka tu Makumbusho unakuta bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Tulikaa pale tukanywa madafu ya jamaa wa baiskeli, moja shilingi 1,500, na alitukatia kipande cha ganda tukwangulie nyama bila kuombwa. Shangazi alisema madafu ya Dar yamechoka safari. Alimaliza mawili.

Samora yeye bado anaiita Independence. Yupo sahihi kwa wakati wake. Nilichokuwa sijakigundua miaka yote ya kupita mbiombio ni jinsi mtembea kwa miguu anavyohesabiwa kuwa ziada katika mji huu. Magari yamepaki juu ya njia ya waenda kwa miguu, pikipiki nazo zinapita humohumo zikikupigia honi kama wewe ndiye uliyepotea, na kuna mahali mfuniko wa chemba haupo, mtu kachomeka tawi la mti liwe alama. Nikiwa peke yangu naruka tu. Ukiwa umeshika mkono wa mama wa miaka sabini na nne ambaye jicho moja limefungwa bandeji, kila shimo linakuwa na jina lake. Anayemleta mzee apange muda mara tatu ya ule anaoambiwa na ramani ya simu. Yangu iliniambia dakika kumi na nane, halafu ikatuelekeza kwenye geti lililofungwa.

Na simu iweke mfukoni ukikaribia ofisi za watu. Nilimpiga Shangazi picha moja tu, mlinzi akatoka mbio na kirungu akitaka niifute. Nilifuta. Nyuma ya Shangazi palikuwa na ukuta mweupe na mwarobaini, basi.

Tulipofika kwenye mzunguko wa Sanamu ya Askari, ambayo wazee wa mjini wanaiita Bismini, ndipo nilipojua kwa nini sikutakiwa kuchukua bajaji. Ukiwa kwenye gari ile sanamu ni kitu cha kuzungukwa tu. Ukisimama chini yake unaona askari ameinama na bunduki, singe imeelekea bandarini. Iliwekwa 1927, kabla yake, enzi za Wajerumani, palikuwa na sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, Waingereza wakaing'oa walipouteka mji 1916. Shangazi aliangalia bunduki, akauliza, "Na waliobeba mizigo wako wapi?" Babu yake alichukuliwa Pangani akabebeshwa mizigo katika vita ile, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akarudi anachechemea, na kwao ndiyo habari yote ya vita.

Nikasogea nikamsomea kibao. Wapagazi wametajwa: wameandikwa kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Nikaona nimwambie ukweli kwamba sanamu ni ya Waingereza, na babu alibebea Wajerumani. "Mzigo ni mzigo," akanijibu. Mimi nafanya kazi Kariakoo. Kwamba jina hilo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, nilikuwa najua. Siku ile nilisimama nalo kidogo.

Ukishuka kutoka hapo kuelekea baharini unafika kanisa la Kilutheri la Azania Front, lile lenye mapaa mekundu, halafu mbele kidogo Mtakatifu Yosefu, la Kikatoliki, lenye mnara mrefu. Yote mawili yalimalizika karibu mwaka 1902, kama waliwekeana dau. Jumamosi hapo ni harusi juu ya harusi. Matarumbeta yalikuwa juu ya pikapu, yanapiga huku yanatembea, na Shangazi, ambaye dakika mbili kabla alikuwa analalamikia goti, alipiga vigelegele vya harusi ya watu asiowajua. Mama wa bwana harusi alimgeukia akamuitikia.

Karibu na bandari jihadhari na papasi, wale vijana wanaowavizia abiria wa boti. Ukiwa na mzee na mkoba, kwao wewe ni abiria. "Boti, mama? Boti ya saa ngapi?" Mmoja alishaupokea mkoba wa Shangazi na kuanza kuondoka nao kwa heshima zote. Nikaukamata. Shangazi akamwambia kijana yule kwamba yeye huenda Unguja kwa ngalawa, akamwacha anacheka.

Boma la Kale nililipita mara elfu nikidhani ni ghala. Lilijengwa miaka ya 1860 kwa amri ya Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, liwe nyumba ya wageni wake, alipokuwa anaanzisha mji huu kando ya kijiji cha Mzizima. Mlango ni wa kuchonga, wa Kizanzibari. Ghorofani kuna kituo cha urithi wa majengo ya mji, na nitakubali kwamba nilikuwa najiandaa kusoma mabango nitoke.

Shangazi hakusoma bango hata moja. Aliweka kiganja ukutani, akakishusha taratibu, akanionyesha vumbi jeupe kwenye vidole. "Chokaa. Mawe ya baharini na chokaa ya kuchoma." Baba yake alikuwa fundi mwashi, kumbe, jambo ambalo sikuwahi kuambiwa. Akainua uso darini. "Boriti hizo ni mkoko. Hesabu hatua za chumba." Nikahesabu kwa upana: chache, chumba chembamba kama varanda. "Unajua kwa nini? Mkoko haukui mrefu ukabaki umenyooka. Fundi anapima boriti kwanza, ndipo anajua chumba. Ukitaka nafasi unaongeza urefu, upana huongezi." Wageni wawili waliokuwa wanatazama picha waligeuka kumsikiliza, mmoja akaniomba nimtafsirie. Nikatafsiri. Shangazi akakaa kwenye kiti, akavua viatu, akaendelea na tanuri la chokaa: magogo chini, mawe juu, moto usiku mzima, na watoto kufukuzwa wasisogee.

Anzeni Makumbusho mmalizie Boma, msigeuze. Makumbusho ni pakubwa panahitaji miguu mipya, na Boma ni padogo, unaweza kukaa. Saa sita isikukute Sokoine Drive, kivuli ni haba. Vaeni viatu vya kufunga. Nyota nne kwa tano. Moja wamekula wenye magari juu ya njia za watu.

Kurudi tulipandia Posta ya Zamani. Gari lilikuwa limeshona, kijana akampisha Shangazi kiti, akalala kabla ya Jangwani, vidole bado vina chokaa.