Menyu ya *150*00# au programu ya simu janja?

Kutuma pesa kwa M-Pesa Tanzania kuna njia mbili: kubonyeza nyota na reli, au kufungua programu. Anayebuni huduma ya namna hii ajue kila njia inadai nini.

Menyu ya nyota na reli haihitaji bando, na kitochi kinaiweza. Shida ni nafasi: ukurasa mmoja hubeba herufi 182 tu, na maneno ya Kiswahili ni marefu. Chaguo zikizidi, zinasukumwa ukurasa wa pili ambao wengi hawafiki. Muda nao ni mfupi. Ukisita kutafuta namba kwenye karatasi, menyu inajifunga na unaanza upya. Mbunifu wa menyu asibadilishe mpangilio ovyo: watumiaji hawasomi, vidole vimeshakariri 1, 1, namba, kiasi. Ukihamisha "Tuma pesa" kutoka 1 kwenda 3, utawapeleka wasikokusudia.

Programu inakuruhusu kusahihisha namba bila kugusa kiasi, na kumchagua mpokeaji kwenye orodha ya majina. Lakini kitufe kisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa wa vitu kwenye skrini za Android), kama mm 9. Kikiwa kidogo, dole gumba linabonyeza cha jirani. Kisanduku cha kiasi kifungue kibodi ya tarakimu na kiweke mikato chenyewe: 500000 na 50000 zinafanana kwa aliye na haraka, 500,000 na 50,000 hazifanani.

Kote kuwili, jina la mpokeaji lije kabla ya namba ya siri. Na "Imeshindikana" peke yake si ujumbe. Andika "Salio halitoshi, pungufu 1,200".

Kwa wateja wa vitochi, tengeneza menyu kwanza. Fomu ndefu, za mkopo kwa mfano, ziache kwenye programu.