Kisanduku cha moshi cha volti 12: kinasaidia nini katika garaji ya Goma

Kamyoneti ya esansi ambayo ralanti yake (mzunguko wa moteri bila kukanyaga) inapanda na kushuka yenyewe, au inanguruma juu bila mtu kukanyaga, mara nyingi inavuta hewa mahali pasipotakiwa. Kujua hivyo ni rahisi. Kupata tundu lenyewe ndiyo kazi. Mafundi wengi bado wananyunyiza esansi kuzunguka kolekta (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) moteri ikiwa inazunguka, wakisikiliza mlio ubadilike. Tundu huonekana, lakini esansi hiyo inadondokea egzozi yenye moto na nyaya za bujiya zilizochanika. Gari likiwaka hapo, hakuna wa kulilipa. Kisanduku cha moshi kinasukuma moshi ndani ya kolekta, nao unatokea penye tundu; kinafanya kazi ileile moteri ikiwa imezimwa na baridi, na kwa sababu hiyo peke yake tunakipendekeza.

Vinavyouzwa kwa chini ya dola 150 vinafanana karibu vyote: kikebe cha chuma, ndani yake kipasha-moto kinachochoma mafuta kidogo, pampu ya hewa, kipimo cha presha, duriti (bomba la mpira) moja na koni za mpira za kuzibia. Kinatumia batri ya gari, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami. Chukua chenye pampu ndani. Visivyo na pampu vinahitaji kompresa, na kompresa ya garaji ina bar 8 wakati kolekta inahitaji psi 1 tu, yaani kama bar 0.07. Asiye na rigileta (kipunguza presha) nzuri atasukuma nje sili za moteri au kupasua duriti iliyokuwa nzima, kisha alipe matundu mawili badala ya moja.

Mafuta yake ni ya madini, na mafuta ya watoto yasiyo na rangi yanafaa kabisa mradi chupa iandike paraffinum liquidum. Mililita 20 au 30 zinatosha kwa magari kadhaa. Mafuta ya kupikia yanaacha utomvu unaoziba kipasha-moto. Mazutu na esansi visikaribie kikebe hicho hata siku moja.

Udhaifu mkubwa ni zile koni. Nyingi ni ndogo kwa bomba la hewa la Hilux au Land Cruiser, na zile kubwa zinateleza. Dawa yake ni glavu ya mpira ya daktari: ivutie juu ya mdomo wa bomba, ifunge kwa kolye (pete ya kubania). Ikivimba kidogo, presha imeingia. Ikilegea, kuna mahali pengine pametoka hewa nyingi.

Namna ya kupima ndiyo inayoamua kama pesa yako imekwenda mahali. Ziba bomba la hewa baada ya debimeta (kipimo cha hewa inayoingia), si kabla yake, kwa maana moshi ni mafuta na waya wa debimeta haupendi mafuta. Usiingizie moshi mbele ya papiyo (kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedali): ikiwa imefunga, moshi utapita kidogo mno. Toa duriti nene ya servo ya breki (kifaa kinacholainisha breki) kwenye kolekta, ingizia hapo. Kisha fungua kitundu kimoja cha duriti nyembamba upande wa pili, uache hewa iliyokuwa ndani itoke mpaka moshi mzito utokee, ndipo ukizibe. Wanaoruka hatua hii hukaa dakika kumi wakitazama hewa safi ikitoka kwenye ufa bila kuonekana. Baada ya hapo subiri dakika tatu au nne, zima feni, zuia upepo wa ziwa kwa kufunga mlango, na upitishe tochi kutoka pembeni. Moshi mwembamba hauonekani ukimulikwa kutoka mbele.

Anza chini ya bomba la mpira kati ya debimeta na papiyo, ndani ya mikunjo, upande ambao macho hayafiki. Likunje kwa mkono, kwani ufa hufunguka likikunjwa. Halafu kiwiko cha duriti ya mvuke wa oili, ambacho huiva kikawa laini kama bazoka. Halafu gasketi ya kolekta na o-ringi za inyekta. Kwenye moteri za karibureta kama 22R ya Toyota, angalia gasketi ya chini ya karibureta na ncha mbili za mhimili wa papiyo: moshi ukitoka kwenye mhimili, tundu zimelika, na gasketi mpya haitasaidia chochote.

Moshi mwingine unadanganya. Ukitoka kwenye egzozi, silinda moja imesimama vali zote mbili zikiwa wazi kidogo. Zungusha krankshafti kidogo kwa spana, moshi huo utakoma. Ukitoka kwenye kijiti cha kupimia oili, badilisha mpira wake, kwa sababu kwenye moteri ya debimeta hata hewa ya hapo haikuhesabiwa. Ukienda nyuma kuelekea tangi, vali ya mvuke wa esansi imekwama wazi.

Lipo jambo ambalo kisanduku hakioni: ufa wa ndani ya servo unaofunguka mguu ukiwa kwenye breki tu. Huo unapimwa kwa mguu. Moteri ikiwa ralanti, kanyaga breki na ushikilie. Mlio ukibadilika na kubaki hivyo, servo imetoboka.

Kwa mwenye magari ya mazutu ushauri wetu ni mwingine. Hilux ya 3L au 5L na Land Cruiser ya 1HZ hazina vakyumu (mvuto wa hewa) kwenye kolekta. Inatoka kwenye pampu yake, ambayo kwenye 3L na 5L iko nyuma ya altaneta, na ikivuja dalili ni breki nzito, si ralanti mbaya. Hapo kipimo cha vakyumu kinatosha. Kwenye mazutu zenye turbo kisanduku kinaonyesha duriti za hewa zilizopasuka, ingawa zile zinazofunguka kwa presha ya turbo pekee zitakupita.

Kipimo hicho cha vakyumu kinunuliwe pamoja na kisanduku, lakini kipande chake cha rangi ya kijani kimechorwa kwa ajili ya pwani. Huko moteri nzima ya esansi ikiwa ralanti inaonyesha inchi 17 hadi 22 za zebaki. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na kila mita 300 zinapunguza takriban inchi moja. Kwa hiyo Goma na Bukavu moteri nzima inasoma 12 hadi 17, na pampu ya mazutu haiwezi kupita 25, maana hewa yenyewe ya huku haina zaidi ya hapo. Moteri nyingi zinafunguliwa bure kwa sababu fundi aliona sindano kwenye 14, nje ya kijani. Angalia zaidi kama sindano imetulia. Ikitulia chini sana, huenda kuna uvujaji. Ikirukaruka kwa mpigo ule ule, tafuta vali.

Matengenezo yenyewe si ghali, ila ya haraka hayadumu. Duriti ngumu mwishoni tu inakatwa sentimita moja au mbili na kurudishwa. Iliyoiva yote inatupwa. Ya servo iwe nene yenye nyuzi ndani, kwa sababu bomba la maji au la bustani linajibana likivutwa na breki inakufa mteremkoni. Silikoni juu ya gasketi ya kolekta ni kosa: esansi inailainisha na vipande vinavutwa ndani. Kwenye 22R mwaga maji ya redieta kwanza, kwani yanapita ndani ya kolekta. Safisha nyuso kwa kikwaruo cha plastiki, pima unyoofu kwa rula ya chuma, kisha kaza bolti kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu mbili au tatu. Barabara za mawe ya lava zinalegeza bolti hizi, na vumbi jeusi la volkano linaloingia nyuma ya filta linakula ringi kama msasa. Kwa hiyo bolti zikazwe upya baada ya wiki chache.

Mwisho futa kodi za P0171 (esansi kidogo kuliko hewa) au P0507 (ralanti juu mno) kwa skana, endesha, uangalie marekebisho ya esansi, yaani kiasi ambacho kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza: yaliyokuwa juu ya asilimia 15 kwenye ralanti yarudi chini ya 10. Kwenye karibureta tafuta skrubu ya ralanti. Kama kuna aliyeizungusha ili kuficha uvujaji, moteri itanguruma hata baada ya tundu kuzibwa, na wengine hapo hurudi kununua gasketi nyingine.